Nilipungua Mama Yangu Akiangalia

Assalaam aleikum kwa watu wangu, Bwana asifiwe kwa wenye ukumbi, na wewe ambaye bado hujaamua uko upande gani, habari za mchana. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeambiwa kwenye mkutano huu wa kliniki yetu ya wanene niongee kwa kifupi. Aliyenipangia hivyo hanijui. Anayenijua, kama yule anayecheka pale, anajua kwamba mimi nikiona mjusi ukutani kwa jirani, mpaka nifike nyumbani ameshakuwa mamba. Shule sikusoma, niliipita kwa nje nikienda kuuza maandazi, kwa hiyo mdomo ndio kitu pekee nilichofuzu. Lakini ndugu zangu, leo nawaahidi. Pa kutania nitatania, maana nisipotania nitalia, na mtu wa mwili huu akilia mtatafuta ndoo. Ila nikifika kwa mama yangu na kwa mdogo wangu, hapo siongezi hata punje ya chumvi. Mtajua wenyewe tumefika.

Mimi ni mtu wa supu. Makongoro, utumbo, kichwa, na chapati zake, kibandani mbele ya nyumba yangu, Levolosi. Wazazi wangu walitoka Kondoa wakafuata kazi huku, mimi nikazaliwa mjini hapa. Wakati naanza biashara zilikuwa bado enzi za foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya kula foleni, na ukifika mbele unaambiwa yameisha. Mtaani kwetu mtu mnene alikuwa mmoja tu, naye alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Sitasema zaidi ya hapo.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Mnaikumbuka ruksa? Mafuta yakaja kwa madumu. Soda kila kibanda. Chipsi zikaanza kukaangwa kila kona, mpaka moshi wake ukawa unaufunika Mlima Meru, watalii wakawa wanauliza mlima umekwenda wapi. Sisi tuliotoka kwenye foleni tulikula kama watu wanaolipa kisasi. Mimi nililipa cha ukoo mzima.

Nikanenepa. Nikanenepa mpaka nikipanda teksi kwenda Njiro kupeleka oda ya supu, dereva ananiambia, "Mzee, kaa katikati, la sivyo tutafika tunazunguka kama pia." Suruali nilikuwa natafuta kwenye mitumba, na muuzaji akiifungua hivi anajiuliza, "Hii ni suruali au turubai?" Namwambia, lete, turubai ndiyo saizi yangu.

Na nilikuwa na furaha, msije mkadhani nilikuwa nasikitika. Mwili huu ndio ulikuwa kibao changu cha biashara. Mpishi wa supu mwembamba, nani atamwamini? Mtu anapita njia, anaona nimeujaza mlango, anasema, hapa kuna chakula. Waliniita Bonge, nami naitika kama nimeitwa mheshimiwa.

Sasa nafika kwa mdogo wangu.

Kwa mama tulizaliwa wawili tu. Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori, anapeleka mizigo mpaka mipakani huko. Mcheshi kuliko mimi, na mzuri wa sura, mimi nilipewa tumbo yeye akapewa sura. Akaanza kupungua. Mashavu kwanza. Halafu mkanda, akawa anautoboa tundu jingine kwa msumari, na jingine. Mtaa ukaanza kusema, amekanyaga waya. Mnaijua lugha hiyo, Ukimwi hatukuutaja kwa jina. Tulikuwa tunaisema huku tunacheka, mpaka ikaingia nyumbani kwetu.

Mama akampeleka hospitali. Wakampima, wakampa dawa za kifua, wakamwambia mama, mlishe vizuri atapata nguvu. Hawakumwambia kitu kingine. Mama akamlisha. Uji wa karanga, maini, maziwa, mchuzi wa mifupa kutoka sufuria yangu mwenyewe. Kila asubuhi anamshika mkono hapa juu, anauzungushia vidole, aone kama umeongezeka. Haukuongezeka. Siku tuliyomwosha nilimwinua peke yangu, kama unavyoinua mtoto aliyelala.

Baada ya arobaini mama akaniita chumbani kwake. Alikuwa anakaa kwangu. Akaniambia, "Nimezika mwembamba. Wewe usinipungukie. Umenisikia?"

Nikasema, "Nimesikia, mama."

"Usinipungukie."

Toka hapo, mama akawa ananipakulia mwenyewe. Mke wangu alinyang'anywa mwiko. Ninakula, mama amekaa kwenye kigoda pembeni, ananitazama, mpaka sahani ing'ae. Nikimaliza ananishika mkono hapa juu, anazungusha vidole, vidole havikutani, anatabasamu. Ndilo tabasamu pekee alilokuwa nalo mwaka ule. Nyie mngefanyaje? Mimi nilikuwa naongeza sahani.

Basi nikaendelea kujaa, mpaka mwili wenyewe ukakataa. Hapa kwenye kitovu pakatoka uvimbe. Nikilala unarudi ndani, nikikohoa unatoka, kama mtu anayechungulia dirishani. Nikaenda hospitali ile ile alikopimwa mdogo wangu, jina tuliache. Daktari wa upasuaji akanishika, akasema, "Hii ni ngiri, baba. Inatakiwa kushonwa. Lakini kwa mwili huu nikikulaza usingizi, sina uhakika wa kukuamsha. Na hata nikikushona, nyuzi zitaachia. Punguza kwanza." Nikamuuliza, na nisipopungua? Akasema, "Siku moja utumbo utatoka hapo, utabanwa, utaoza. Ndani ya siku chache tunakuzika."

Wakanipeleka kwenye chumba cha watu wanene. Walikuwa wanafanya utafiti, daktari mmoja wa kike na wenzake, wanataka kujua kwa nini watu mjini wananenepa na wafanye nini. Nikapanda kwenye mizani yao. Mshale ukaenda, ukaenda, ukagota mwisho, ukabaki unatetemeka. Sista akaniangalia, akasema kwa upole, "Baba, twende stoo." Stoo ya jikoni, ndugu zangu. Kwenye mizani ya magunia. Wapishi wakaacha sufuria wakaja kuangalia. Mmoja akasema, "Leo maharage yamekuja na miguu." Mimi, mtani wa Levolosi nzima, nikavuta shati nikapanda.

Nikapewa karatasi ya chakula. Mke wangu akanisomea. Asubuhi epo moja, mkate wa brauni, maziwa yaliyotolewa mafuta. Mchana samaki wa kuchemsha na majani fulani ambayo mpaka leo sijakutana na mtu aliyeyaona. Epo wakati ule lilikuwa linakaa dukani kwa matajiri, limefungwa kwenye karatasi kama pipi. Tukacheka mpaka mke wangu akajifuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Baba Watoto, mimi sitaki kuwa mjane. Hiyo karatasi tupa, lakini punguza."

Nikapunguza, kwa akili yangu. Nikaacha soda. Nikaacha kuonja supu, na mpishi wa supu anaonja sufuria nzima kabla mteja wa kwanza hajafika, msidanganyike. Jioni nakula nusu, nusu nyingine namsukumia mwanangu mama akigeuka. Na nikapungua kweli. Suruali ile ya turubai ikaanza kuning'inia. Siku moja mteja wangu wa siku zote, mtu wa gereji, akakaa kwenye benchi, akanitazama, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Bonge, mbona shingo imekuwa ya kuku?"

"Ni kazi nyingi, fundi."

"Kazi? Kazi hii ulikuwa nayo toka zamani. Na mdogo wako naye alisema ni kazi."

Akainuka, bakuli halijaisha. Kesho yake hakuja. Na wengine hawakuja. Si kwamba supu iliharibika. Waliogopa mkono unaoipakua.

Mimi ningevumilia wateja. Jioni ile mama alinishika mkono, akazungusha vidole, vikakaribia kukutana. Akaingia jikoni, akawasha mkaa, akapika wali wa nazi na nyama ya kondoo, sufuria ya harusi, akaiweka mbele yangu. Akakaa kwenye kigoda, mwiko bado mkononi. Nikala yote. Kliniki sikurudi tena.

Nikarudisha unene wangu, na wa ziada kama riba. Wateja wakarudi. Fundi wa gereji akanipiga begani, "Sasa ndiyo wewe!" Na hapa kwenye kitovu, yule anayechungulia dirishani akawa anatoka na kichwa na mabega.

Mpaka asubuhi moja nainua sufuria kutoka jikoni, nikasikia kitu kimechanika. Sijawahi kusikia maumivu yale. Nilianguka kwenye vumbi mbele ya wateja wangu wote, natapika, tumbo limekuwa gumu kama jiwe la mto Themi. Teksi ikakataa kunibeba, dereva akaogopa springi. Wakaniweka kwenye mkokoteni wa kubebea ndizi. Vijana wanasukuma, mke wangu anakimbia pembeni ameshika mguu wangu mmoja, na mama nyuma kabisa, viatu mkononi, anaita jina la mdogo wangu. La mdogo wangu, ndugu zangu. Alikuwa amechanganya.

Mungu mkubwa. Yule daktari wa upasuaji aliusukuma utumbo, akaubembeleza kwa mikono yake, ukarudi kabla haujaoza. Akaniambia, "Safari hii umerudi. Ijayo sijui."

Nikiwa nimelala pale, yule daktari wa utafiti akaja. Dada bado kijana, mtu wa Machame, sauti ya chini. Akavuta stuli akakaa. Akaniuliza, "Baba, kwa nini uliacha kuja?"

Nikamwambia, "Dokta, maepo yaliadimika."

Hakucheka. Akasema, "Ile karatasi ilikuwa mbaya, nimekubali. Lakini nakuuliza kweli. Watu wanakuja mara moja, mara mbili, wanapungua vizuri, halafu wanapotea. Wenzangu wanasema ni wavivu. Mimi naona kuna kitu hatukijui, na hatutakijua tukikaa wenyewe ofisini. Niambie."

Akanyamaza. Na mimi, mtu wa maneno, mamba wote niliowahi kuwafuga wakanikimbia. Nikajikuta nimesema, "Dokta, mimi nikipungua, mama yangu anakufa."

Nikamsimulia yote, kama nilivyowasimulia nyie. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu, "Kuna wengine kama wewe?" Nikamwambia, mjini hapa? Mjini hapa mtu akipungua anazikwa kwa maneno kabla ya kuzikwa kwa udongo.

Hapo ndipo alipotuita. Kila mnene aliyewahi kupotea kliniki alitafutwa, akaombwa aje, si kupimwa, bali kukaa na wale watafiti mezani na kuwaambia wabadilishe nini. Baba mmoja wa Elerai, mtu mkimya kabisa, akaninong'oneza, "Dokta anatuuliza sisi? Sasa yeye alisomea nini?" Nikamwambia, nyamaza, labda leo kuna chai.

Mwanzoni hatukusema kitu. Tulizoea kuambiwa. Halafu daktari akauliza jambo dogo tu: tukianza upya kesho, kitu cha kwanza tubadilishe nini? Nikasema, benchi. Benchi zenu nyembamba, mtu anakaa nusu, nusu nyingine inakaa hewani. Na mizani, msitupeleke tena stoo na maharage. Wakacheka, lakini waliandika. Mizani ya watu ikatafutwa, na benchi likatengenezwa upya kwa mbao za mkuyu, ndilo hilo lililoletwa hapa, mliokaa mbele mmelikalia leo.

Basi midomo ikafunguka. Kulikuwa na mama mmoja kutoka huko juu mlimani, upande wa Wameru, mkulima wa kahawa na migomba. Alisema hivi, namkumbuka neno kwa neno: "Kwangu si ugonjwa ule wanaouogopa. Mimi niliolewa mwembamba. Mama mkwe wangu alininenepesha nikiwa na mtoto wa kwanza, kwa mtori, kwa maziwa na mafuta ya kondoo. Akawa ananitembeza kanisani watu waone kazi yake. Nikipungua, watu watasema kwake kuna njaa. Mnaniambia nipungue, lakini mnataka nimvue nguo mama mkwe wangu mbele ya usharika."

Nikasimama nikasema, basi tuwaite hao tunaowaogopa, waje waone. Mimi kichwa changu kilikuwa tayari kimeshapanga mizani iwekwe kibandani kwangu, tupimwe barabarani, mtaa mzima ushuhudie. Yule mama akanigeukia:

"We baba, wewe umezoea kuonyesha watu tumbo. Mimi si ng'ombe wa mnadani."

Nikakaa. Alinikata maini, lakini alikuwa sawa.

Na daktari naye akasema, siri ya mgonjwa ni siri, yeye hawezi kuwaita ndugu zetu. Tukabishana kweli. Wale watafiti wanasema yao, sisi yetu. Mwisho yule mama ndiye aliyefungua fundo: "Siri si ya kwako dokta, ni ya kwangu. Mimi nitasema nani ajue na nani asijue. Kazi yako ni kuniuliza." Daktari akaliandika hilo, akasema, "Nimeelewa. Tutauliza." Yule baba wa Elerai akasema yeye hataki mtu yeyote ajue, hata mkewe. Na hilo likakubaliwa. Mimi nikasema, mimi nataka mama yangu.

Kusema ni rahisi. Mama yangu kwenda hospitali ile, toka msiba, alikuwa hata hapiti barabara yake. Nilimbembeleza siku nyingi. Nikamwambia, mama, nikianguka tena sirudi, umemsikia daktari. Akasema, "Wale ni waongo." Mke wangu akamwambia, "Basi twende ukawaambie hivyo usoni." Hapo ndipo alipochukua kanga yake.

Tukaingia watatu. Daktari akasimama, "Shikamoo, mama." Mama hakuitikia. Akakaa kwenye lile benchi, akaangalia mizani, akasema:

"Mtoto wangu mdogo mlimpima hapa hapa. Mkaniambia, mlishe. Nikamlisha. Mlijua hataongezeka?"

Jamani. Chumba kile kilikuwa na watu wasomi, kila mmoja akaangalia karatasi zake. Daktari angeweza kusema hakuwepo wakati ule, na ni kweli hakuwepo. Hakusema hivyo. Alishuka kwenye kiti, akachuchumaa mbele ya mama, akasema, "Nafikiri walijua, mama. Na nafikiri yeye mwenyewe hakuruhusu uambiwe, au hawakumuuliza. Sijui. Nakupa pole. Hukukosea kumlisha."

Mama alilia. Mimi toka tumezika sikuwa nimemwona akilia kwa sauti. Alilia mpaka akachoka, akajifuta kwa kanga, akasema, "Huyu aliyebaki mpimeni na ule ugonjwa."

Ndugu zangu, hapo nilitafuta mlango kwa macho. Nawaambia ukweli, hakuna aliyekuwa hauogopi wakati ule, hata aliyejijua msafi alijishika kifua. Daktari akanigeukia mimi, si mama. Akasema, "Ni uamuzi wako, baba. Na ukikubali, majibu ni yako. Unataka mama ajue?"

Nikamwangalia mama. Naye akanishika mkono hapa juu, lakini hakuzungusha vidole. Aliushika tu. Akasema, "Ukiwa nao, nitakupikia. Usipokuwa nao, nitakupunguzia. Ila nijue. Safari hii nijue."

Nikasema, napima, na mama ajue.

Majibu yalikaa siku kadhaa. Msiniulize nilikulaje, kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona chapati nikageuza uso. Majibu yakaja, sikuwa nao. Mke wangu alikaa chini sakafuni akacheka na kulia pamoja. Mama aliuliza tu, "Sasa apungue kiasi gani?" Daktari akamwonyesha kwenye mizani, mshale uko hapa, tunataka ufike hapa. Mama akautazama ule mshale kama mtu anayemtazama mkaidi.

Toka siku ile, ndugu zangu, nilijuta! Nilidhani daktari ni mkali. Mama yangu alipima ugali kwa ngumi yake, na ngumi yake ni kama limau. Yeye na daktari wakakaa wakapanga chakula cha kwetu sisi: maharage, mchicha, mnafu, ndizi za kuchemsha, nyama siku chache, supu nionje kwa kijiko cha chai na mke wangu awe anahesabu. Kila ninapopimwa mama yupo, anainama mpaka pua inagusa kioo. Mshale ukishuka, anasema, "Alhamdulillahi." Mama yangu! Yule yule!

Na maneno ya mtaani? Yule fundi wa gereji alirudia siku moja. "Bonge, naona umeanza tena." Kabla sijafungua mdomo, mama akatoka ndani na mwiko.

"Anapungua kwa amri yangu mimi! Yule mwanangu aliyepungua kwanza alikuwa anaumwa, na wewe ulikimbia hata kumjulia hali. Huyu anapungua ili akatwe ngiri. Una swali?"

Fundi akasema, "Sina, mama. Shikamoo."

"Kaa unywe supu."

Akakaa, akanywa. Na jioni alikuja peke yake, akamwomba mama msamaha kwa ajili ya mdogo wangu. Hilo mimi sikulitegemea. Maneno mtaani hayakuisha, lakini yakakosa sauti, maana mama alikuwa ameshayasema yote kwa sauti kubwa kuliko wao.

Nikapungua. Si kwa haraka. Kuna miezi mshale uligoma, kuna Idi moja nilianguka kwenye biriani nikainuliwa na shemeji zangu. Lakini nilifika pale daktari wa upasuaji alipopataka. Wakanilaza, wakanishona. Nilipofungua macho, mama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda na bakuli la uji mwembamba, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Usidhani utakunywa wote."

Sasa ndugu zangu, msije mkatoka hapa mkasema mambo yote yalinyooka. Yule mama wa mlimani alimleta mama mkwe wake, yule bibi akasikiliza, akaondoka amekasirika, na bado wanavutana mpaka leo. Yule baba wa Elerai alipungua kimya kimya, akahamia kwa wanawe mbali, hatujui yuko vipi. Na mimi mwenyewe mnaniona, sijawa mti wa bendera. Lakini ukienda kliniki ile leo, kabla hujapanda kwenye mizani utaulizwa: nyumbani ni nani ataogopa ukipungua, na unataka tuongee naye au hutaki? Swali hilo halikutoka kwenye kitabu cha daktari, wala halikutoka kichwani kwangu. Lilitoka mezani, tulipobishana. Na watafiti wakija, tunakaa nao tunapanga wote nini kiulizwe. Mara nyingine wao wako sahihi sisi tumekosea. Mimi nilishindwa siku ya mizani barabarani, na nashukuru nilishindwa.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru daktari wa upasuaji kwa mikono yake. Namshukuru yule dada daktari aliyevuta stuli akauliza, halafu akanyamaza asikie. Vijana wa mkokoteni, popote mlipo, supu yenu ni bure mpaka siku nitakapozikwa. Mke wangu, ambaye hataki kuwa mjane, asante, bado nipo. Mama yangu yuko nyumbani leo, miguu inamsumbua. Kaniagiza niwaambie kwamba yeye ndiye aliyenipunguza, dokta alimsaidia tu. Nimefikisha.

Ninalotaka kuwaachia ni hili. Tulidhani mwili ni wa mtu mmoja. Ukitaka kupungua, au kupona chochote, kuna mtu nyumbani ambaye mwili wako ndio usingizi wake. Mtu huyo akiachwa nje, atakulisha mpaka akuzike, tena kwa mapenzi. Na wewe daktari, mgonjwa wako akipotea, usimwite mvivu. Mfuate umuulize anamwogopa nani.

Mimi nimemaliza. Ila naona kuna mgeni kule nyuma, amekaa karibu na mlango, ukingoni mwa kiti, na begi bado liko begani. Usishtuke, sikutaji. Umekuja peke yako, na mimi najua kukaa hivyo. Hapa hatukuulizi una kilo ngapi. Tunakuuliza nyumbani kuna nani. Ukiwa tayari, sema. Ukiwa bado, kaa tu, shusha begi. Chai inakuja. Haina sukari, tusameheane.